Boti ya mbao iliyotumika ya kuishi ndani, Ziwa Nyasa: acha kibanda, anza ngamani

Urefu mita 10.6, upana mita 2.2. Nyuma kuna kibanda cha mbao chenye paa la bati, kitanda cha kutosha wawili, rafu ya sufuria, taa ya sola na pazia la maua. Katikati kuna injini ya dizeli ya silinda moja. Rangi ni ya bluu, imepakwa juzi na bado inanuka. Ndivyo ilivyo boti iliyo juu ya magogo ufukweni Matema, inayosubiri mtu wa kuifanya makazi. Muuzaji anamfungulia kila mteja mlango wa kibanda kwanza: "Kaka, hii ni nyumba, wewe ingiza godoro tu." Mteja akishakaa kitandani, nusu ya biashara imekwisha.

Wanaotafuta chombo cha namna hii ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa mwambao: anabeba sabuni, chumvi na bati kuelekea Ikombe, Lupingu na Manda, anarudi na usipa mkavu au vyungu vya Wakisi, na analala majini wiki tatu kwa mwezi kwa sababu milima ya Livingstone imeshuka mpaka kwenye maji na barabara ni ya kuombea. Huyo boti inamfaa. Wa pili yuko Mbeya mjini au Iringa, amechoshwa na kodi ya nyumba, na ameona kwenye simu zile boti nyembamba za chuma za Uingereza ambazo watu wanaishi ndani yake. Yeye atulie kidogo. Zile zina upana wa mita 2.1 hivi, chini zina bamba la chuma la milimita 10, na zinakaa kwenye mfereji uliotulia ambao mtu akianguka mara nyingi anasimama akatembea. Nyasa ina kina cha takriban mita 700, na mwera ukianza kuvuma mwezi wa tano unalisafiri ziwa lote kutoka kusini, zaidi ya kilomita 500, na mawimbi yake yanafikia huku kwetu. Upana ule ule wa chombo, maji tofauti kabisa.

Watu wa pwani husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni tumbo la chini ndani. Kwa boti ya mbao iliyotumika huo ni utaratibu wa kazi. Inua mbao za sakafu zote, siyo ile moja aliyoilegeza muuzaji. Vifaa ni bisibisi bapa, nyundo ndogo, tochi, uzi wa waashi na ndoo ya lita 20. Ukikuta sakafu imepigiliwa misumari, omba ing'olewe. Akikataa, ukaguzi umeishia hapo.

Anza na uzi. Ufunge kutoka omo hadi tezi kando ya mkuku (mti mrefu wa chini, uti wa mgongo wa boti), uvute ukaze, kisha pima nafasi kati ya uzi na mkuku kila mita moja. Boti ya mbao ikizeeka, katikati huinuka na ncha hushuka, kwa sababu maji yanabeba tumbo pana kuliko ncha nyembamba. Sentimita 1 au 2 kwa urefu wa mita 10 ni uzee wa kawaida. Hii ya Matema ilionyesha 4. Hapo ujue mbao zimeshaanza kuteleza moja juu ya nyingine, na kalafati (pamba na puti ya kuziba nafasi kati ya mbao) utakayotia leo itatoka mwakani, hata fundi awe hodari vipi.

Halafu mataruma, yaani mbavu za boti. Boti hii ina 24. Pitisha kidole chini ya kila moja mahali linapokutana na mkuku, maana ufa huanzia hapo na tochi haiuoni. Matatu yamepasuka, yote yanafuatana, yote chini ya injini. Hiyo siyo bahati mbaya. Injini ya silinda moja inapiga kama nyundo, na aliyeifunga aliikaza moja kwa moja kwenye mataruma badala ya kulaza kwanza magogo mawili ya urefu wa mita 2 hadi 3, ya kugawa mtikisiko kwenye mataruma sita au saba. Taruma lililopasuka halibadilishwi lazima. Linaweza kupewa pacha pembeni yake, la mti mgumu, lenye kuvuka ufa nusu mita kila upande. Lakini pacha la taruma bila magogo ya injini ni kazi bure.

Mbao zenyewe zinataka macho. Chini ya maji boti hii ni ya mninga, na mninga huo bado mzima: bisibisi inaruka. Juu ya maji, kuanzia mbao ya nne kwenda ukingoni, ni paini. Paini ya Mufindi imejaa kila duka la mbao kutoka Mafinga hadi Tukuyu, ni rahisi na inapindika vizuri, ndiyo maana mafundi wanaipenda kwa marekebisho. Isipotiwa dawa, kwenye joto na mvua ya Kyela haina miaka mingi. Ukiambiwa ni mbao ya dawa, omba kipande kikatwe mbele yako: ukijani uwe umeingia ndani ya mbao. Ukiwa wa juu juu kama ganda la embe, hiyo ni rangi. Mvule na mkangazi ndizo za kushangilia ukizikuta.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wanalielewa kinyume. Wanaogopa mbao zilizo chini ya maji. Mbao iliyozama muda wote haiozi upesi, kwa kuwa ukungu unaoozesha unahitaji hewa. Inayooza ni ile inayolowa na kukauka: mstari wa maji, ncha za mataruma juu, pembe za kibanda, chini ya ukingo. Tena mvua ni mbaya kuliko ziwa, kwa sababu inakaa kwenye viungo siku nyingi. Baharini chumvi husaidia kidogo kuzuia kuoza. Hapa hakuna chumvi, kwa hiyo fundi aliyezoea majahazi ya pwani anaweza akakupa matumaini yasiyo ya ziwa hili. Faraja iliyopo ni kwamba funza wa baharini watoboao mbao hawako kwenye maji baridi.

Kwa hiyo bisibisi ianzie pembe za kibanda. Nguzo ya nyuma kulia iliipokea sentimita 2 bila kusukumwa kwa nguvu. Kisha viraka. Kuna viraka 11 vya bati kwenye boti hii, vyote vimepakwa bluu pamoja na mbao. Kimoja kilibanduliwa kwa ruhusa: chini ya bati palikuwa na kipande cha mpira wa tyubu, chini ya mpira lami, na chini ya lami mbao nyeusi inayochukulika kwa ukucha kama ugoro uliolowa. Misumari iliyokishika ni ya kawaida, ya kujengea, na kila mmoja umezungukwa na pete nyeusi yenye upana wa shilingi. Msumari usiochovywa zinki unaota kutu, kutu inavimba, inapasua nyuzi za mbao na kulainisha zinazobaki. Baada ya hapo hata ukiweka msumari mpya hauna pa kushika. Kiraka cha bati ni dawa ya kufikia nyumbani siku boti imepasuka, siyo ukarabati. Hesabu viraka, na kwa kila kimoja kata bei kama vile kuna mita moja ya mbao ya kubadilisha. Mbao mpya ikipachikwa, viungio vya mbao mbili zinazopakana visikutane kwenye taruma moja. Viachane mataruma matatu.

Kalafati ndiyo inayowadanganya wengi, kwa hiyo tukae hapo. Boti iliyokaa mchangani miezi miwili mitatu inakauka, na nafasi kati ya mbao zinafunguka hadi unapitisha kadi ya simu. Fundi mwenye haraka anajaza pamba nyingi, anaikandamiza kwa chembeu mpaka inalia, anafunika kwa puti, anapaka rangi. Inapendeza kweli. Boti ikiingia majini mbao zinafura, hazina pa kwenda, zinasukumana; kitakachoachia ni misumari au mataruma. Njia sahihi ni polepole: kwangua pamba ya zamani yote mpaka mbao safi ionekane, laza uzi wa pamba iliyosokotwa wenye unene unaotoshea bila kulazimishwa, ugonge kwa nyundo ya mbao mpaka ukae ndani kiasi cha theluthi moja ya unene wa mbao kutoka nje, paka rangi iliyozimuliwa juu ya pamba ili puti ishike, kisha puti, na usiijaze mpaka usawa wa mbao. Iache chini kidogo. Mbao ikifura itaisukuma nje yenyewe. Ukiona kwenye boti ya kuuzwa puti imetokeza kama kovu mstari mzima, ilijazwa kupita kiasi. Kwa boti ya mita 10.6 kuna takriban mita 90 za viungo chini ya mstari wa maji. Fundi mmoja na msaidizi, siku 7 hadi 8. Kilo 3 za pamba zinatosha na kubaki, na galoni 2 za rangi ya sehemu ya chini kwa kupaka mara mbili, juu ya mbao kavu. Kupaka mbao mbichi ni kufungia unyevu ndani.

Kisha majini. Boti iliyokauka itavuja siku ya kwanza. Hilo siyo kosa lake. Ifunge kwenye maji ya kina cha magoti, uichote, uiache, uichote tena, kwa saa 72. Siku ya tatu pima kwa ndoo: ndoo moja au mbili kwa siku nzima ni afya kwa boti ya umri huo. Ndoo moja kwa saa ni kitu kingine, na pampu ya umeme haibadilishi ukweli huo. Pampu ya volti 12 yenye kutoa lita 1,900 kwa saa inafaa kuwepo, ila betri ikiisha usiku wa manane unabaki na ndoo.

Injini ni ile ile ya pawatila (trekta dogo la mkono), nguvu farasi 12, na kwa eneo la Kyela hilo ni jambo jema. Kila penye mpunga pana pawatila, na penye pawatila pana nozeli, ringi, gasketi na kijana anayejua kuzifunga. Inakula kama lita 2 hadi 2.5 za dizeli kwa saa ikibeba mzigo. Injini ya kupachika ya petroli ya farasi 40 ikikimbizwa inakwenda lita 18 na zaidi kwa saa, na kama ni ya viharusi viwili bado unaichanganyia oili, nyingi kwa kiwango cha lita 1 kwa lita 50. Kwa mvuvi anayekimbilia mnada hiyo ina maana. Kwa mtu anayeishi ndani na hana haraka, pawatila.

Fika kabla injini haijawashwa siku hiyo. Weka mkono kwenye kichwa cha injini: ikiwa ina joto, rudi kesho asubuhi, kwa sababu injini yenye mgandamizo hafifu huwaka vizuri ikishapashwa. Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu ni oili inayopita kwenye ringi. Mweusi ni nozeli mbovu au mzigo mkubwa. Mweupe usioisha baada ya dakika kumi ni mgandamizo mdogo au maji. Fungua kizibo cha oili injini ikiwa inanguruma: ikipuliza kwa nguvu kama mtu anayekoka moto, ringi zimekwisha. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Kwenye tangi la maji juu ya silinda, mapovu yanayopanda mfululizo tangu dakika za mwanzo ni gasketi ya kichwa. Hii ya Matema ilitoa bluu kidogo na mapovu hakuna. Ringi na huduma ya kawaida inatosha. Haina gia ya nyuma, na mkanda hauna klachi, maana yake ukiwasha tu pangaboi linazunguka. Ukifika ufukweni penye watoto wanaoogelea, zima mapema, ingia kwa upondo, mti wa kusukumia chombo.

Pale shafti inapotoka nje kuna pakingi ya kamba yenye grisi. Inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka. Kavu kabisa ina maana imekazwa kupita kiasi na inaila shafti. Mchirizi ni wa kukaza nati kwa robo mzunguko, kwa zamu, pande zote mbili. Pakingi ni kitu kidogo sana kwa bei na ndicho kinachozamisha boti zikiwa zimefungwa tu.

Sasa kibanda. Urefu wake ndani ni mita 1.85, mtu anasimama na kofia, na hilo ndilo kosa lake kubwa. Kwa upana wa mita 2.2, kibanda cha kusimama chenye paa la bati ni tanga ambalo huwezi kulishusha. Watu watatu wakihamia upande mmoja wa boti hii inalala kiasi cha kutisha. Kikatwe mpaka mita 1.35, kiwe cha kukaa na kulala, na bati litolewe. Turubai zito juu ya fito ni jepesi zaidi na haliachi tundu la msumari kila sentimita 30 la kupitishia mvua kwenye nguzo. Ukishapakia kila kitu, ukingo ulio chini kuliko wote ubaki sentimita 40 au zaidi juu ya maji. Ukishindwa kufika hapo, shusha mzigo.

Moto ndani ya kibanda. Mtu wa Makete au Njombe hahitaji kufundishwa habari ya jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, lakini ziwani watu hujisahau kwa kuwa kuna joto, na mvua ikianza wanafunga mlango jiko likiwa ndani. Gesi ile ya mkaa haina harufu. Jiko likae nje, tezini. Gesi ya mtungi ina hatari ya namna nyingine: ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka ngamani na kukaa humo ikisubiri cheche ya swichi ya pampu. Mtungi wa kilo 6 ukae juu ya sitaha kwenye sanduku lenye matundu chini yanayomwaga nje ya boti, na mpira wake ujaribiwe kwa povu la sabuni kila ukibadilisha mtungi. Boti hii mtungi uko chini ya kitanda.

Choo hakuna, na ni afadhali kuliko tundu la kumwaga ziwani, maana kichocho kipo Nyasa na hivyo ndivyo kinavyozunguka. Ndoo yenye mfuniko na pumba za mpunga, ambazo Kyela unapewa bure mashineni, inatosha. Mwaga kwenye choo cha kijiji. Maji ya kunywa yachemshwe. Taa ya nje izimwe mapema, kwa sababu wadudu wa ziwa wakija kama wingu wanajaa mpaka kwenye ugali. Sola ya wati 100 na betri moja inabeba taa, simu, redio na pampu. Friji sahau.

Karatasi zisisubiri mwisho ingawa zimeandikwa mwisho. Namba iliyo ubavuni ilinganishwe na kitabu cha usajili. Kama ilikuwa ya uvuvi, pitia ofisi ya uvuvi ya halmashauri na uongozi wa ufukwe kuuliza kama inadaiwa. Kama itabeba mizigo au abiria, ukaguzi na cheti ni wa TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli. Namba ya injini iwe na risiti yake, kwa sababu Kasumulu, mpakani na Malawi, iko karibu na siyo kila injini ilipita forodhani. Mkataba uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, bodi na injini kwa mistari tofauti, kila kimoja na bei yake. Jaketi okozi zihesabiwe na kuvaliwa, zisitundikwe tu.

Mahali pa kuifunga panaamua uhai wake. Mdomo wa mto Lufilyo una mchanga unaohama na mamba. Chini ya milima ya Livingstone kina kinazama ghafla, nanga haigusi, kwa hiyo omo inafungwa kwenye mwamba na nanga inatupwa upande wa tezi pale panaposhika. Kwingine toa amari (kamba ya nanga) mara 5 hadi 7 ya kina. Na ziwa lenyewe hupanda na kushuka karibu mita 1 kwa mwaka, juu kabisa masika yakiisha, chini kabisa kuelekea Desemba: kamba fupi ya Novemba itaivuta omo chini mwezi wa tano. Kazi za kalafati na rangi zipangiwe Septemba na Oktoba, mwera ukishapoa na mvua haijaanza.

Kwa bei aliyoitaja muuzaji, alama 2 kati ya 5. Mninga wa chini na injini ndivyo vinavyoipa hizo mbili. Ukitoa gharama ya mbao 11, mapacha matatu ya mataruma, magogo ya injini, kalafati mpya na kibanda cha kukatwa, na ukabakiza robo ya fedha zako kwa yatakayoonekana mbao zikishabanduliwa, inaweza kufika 3. Mkuku uliopinda hautoki. Malipo yawe nusu siku ya mkataba, nusu baada ya zile saa 72 majini.

Muuzaji alikubali usiku mmoja tu majini. Asubuhi yake godoro lilikuwa kavu, pazia liko mahali pake, na mbao za sakafu zilikuwa zinaelea.